Tarakimu Ishirini

Umeme wa nyumba yetu, Mburahati, uliisha saa mbili na nusu,
wali wa Mwanaidi ukiwa bado na maji juu.
Vyumba saba, luku moja.
Kila mtu akataja friji ya mwenzake.

Ligonja akachangisha, akanunua kwa simu,
na ujumbe ukaingia, umepangwa nnenne
kama wanafunzi wa gwaride:

4719 3306 5281 7740 9003

Nikabonyeza. Ikakataa: niliweka sita penye tisa.
Nikabonyeza tena. Taa zikawaka,
watu wakarudi kwenye tamthilia yao.

Mimi nikabaki uani na karatasi.
Mchana kutwa nahesabu misumari ya watu, Gerezani;
usiku nataka namba isiyo na mwenyewe.

Mbili haiingii. Tano haiingii.
Tatu: nikazijumlisha zote, sabini na tisa. Haiingii.
Saba, idadi ya vyumba vyetu, inabaki tano,
na hizo tano tungezigombea mpaka alfajiri.
Kumi na moja ikabisha hodi, kumi na tatu pia.
Hakuna aliyefungua.

Nikaanza kuipenda. Nikadhani ni tasa.

Neno hilo nalijua kwa sura mbili.
Mwalimu Kasembe alilisema chaki ikiwa sikioni:
isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe.
Hapa uani hulisema kwa sauti ya chini
Bi Zuwena wa chumba cha nne akipita na ndoo.

Kumi na saba sikuijaribu, wala kumi na tisa.
Nikashika njia ya mkato, yale mafungu ya nnenne:
la kwanza, toa la pili, ongeza la tatu,
toa, ongeza.
7957.
Sabini na tatu mara mia moja na tisa, bila baki.

Na elfu kumi na moja
(si kumi-na-moja elfu; elfu kumi, halafu moja)
nayo ina sabini na tatu tumboni,
ndiyo maana mkato unafika.
Basi haikuwa tasa namba yetu.
Ilimficha mtu muda wote, katikati ya gwaride.

"Unahesabu nini gizani?" Bi Zuwena, kanga begani.
Nikamwonyesha.
"Na hiyo sabini na tatu, yenyewe inagawanyika?"
Nikasita kulitaja lile neno.
"Haigawanyiki," nikasema. "Ni ya kujengea nyingine."

Akaitazama karatasi kama mtu anayekagua mchele.
"Zimeingia uniti ngapi?"
"Ishirini na nane nukta moja."
"Kwa vyumba saba?"
"Nne kila chumba. Na kidogo."
"Hicho kidogo," akasema, akizima taa ya uani,
"ni changu."