Nyuzi Joto Sitini

Saa nane za usiku: krap, krap, krap.
Kucha za Muri kwenye mbao za sakafu,
mguu wa nyuma unapiga ngoma isiyo na wachezaji.
Nawasha taa, anaacha.
Nazima, anaanza.
Hapa Saaremaa ndoa zimevunjika kwa madogo kuliko haya.

Ni Mei. Betula zimechanua,
chavua imetanda juu ya gari kama unga wa dengu,
na tumbo la mbwa wangu, lililokuwa rangi ya maziwa,
limeiva kama shavu la mtu aliyetoka sauna.
Kwapani hana manyoya. Masikio yananuka chachu.

Nilianza na viroboto, watuhumiwa wa kila siku.
Kitana cha meno membamba, karatasi nyeupe iliyoloa:
chembe nyeusi ikiyeyuka nyekundu, umemkamata mwizi.
Hazikuyeyuka. Ulikuwa mchanga tu.

Jirani yangu Õilme, mwenye dawa ya kila kitu
isipokuwa ya umbea wake,
akasema mafuta ya taa, kama zamani.
Nikamwambia ajipake yeye.
Wasemao dawa ya moto ni moto
hawajaishi na ngozi ya Muri.

Daktari wa mifugo, binti wa juzi, akampa vidonge vya wiki mbili.
"Vyako vya mafua usimpe, hata nusu.
Mengine ni kazi ya nyumbani, Heldur. Kila siku, kama kukamua."

Basi nikasaga oti hadi zikawa poda,
nikazikoroga kwenye beseni la maji ya uvuguvugu,
na Muri akasimama ndani ya yale maziwa membamba
kama mchungaji aliyesahau mahubiri madhabahuni.
Dakika kumi. Nikammiminia kwa kikombe,
mgongo, kwapa, katikati ya vidole,
nikimsimulia bei ya viazi ili asitoroke.
Kisha taulo: kugusa, si kusugua.
Na kila tukirudi matembezini, kitambaa chenye maji, miguu minne;
mtu wa miaka sitini na minane,
nimepiga magoti mlangoni nikimwosha mbwa miguu.

Usiku ukapata vipande vya kimya.
Lakini saa nane, krap.

"Analala juu ya nini?" daktari akauliza kwenye simu.
Nikakawia kujibu.

Juu ya sweta la Taavet.
Sufu ya kijivu, marehemu mama yake alilifuma.
Alilivua asubuhi aliyokwenda Norwei kufuga samaki,
akamtandikia mbwa, akasema nitarudi Krismasi.
Hakusema ipi.
Miaka minne sijalifua.

"Utitiri wa vumbi," akasema. "Nyuzi joto sitini. Chini ya hapo hawafi."

Nililishika mbele ya mashine.
Lilinuka mbwa. Chini ya mbwa nikatafuta
tumbaku, dizeli, labda ni pua tu iliyotaka.
Nikazungusha swichi.

Sufu haiwezi sitini. Nilijua, nani asiyejua?
Lilitoka nene, gumu, dogo;
mikono iliyomfika Taavet vifundoni
sasa ingemtosha mtoto wa miaka saba,
yule aliyejikuna shingo darasani, mezani, kanisani,
nami nikimfokea: Acha! Vaa!
Hakuna aliyekufa kwa mwasho.

Saa nane za usiku, kimya.
Muri amejikunja juu ya shuka la pamba,
amekoroma mara moja, amegeuka.
Mimi ndiye niliye macho, na simu mkononi.

"Baba? Mbwa amekufa?"
"Hapana. Amelala."
Nasikia maji nyuma yake, mashine za usiku.
"Lile sweta," nasema. "Lilikuwa linakuwasha?"

Anakaa muda mrefu.
"Kila siku," anasema.
Kisha anacheka kidogo, na hakati simu.