Pauni Sita za Hewa

Mpira wa oksijeni wa baba una mita kumi na tano.
Unatoka kwenye mashine inayonguruma kando ya kochi,
unapita jikoni, chini ya meza,
unavuka kizingiti, unaishia hapa,
mlangoni pa gereji, hatua mbili kabla ya gari.
Hapo ndipo alipoweka kiti.
Ifor Pritchard, mpasua vigae vya mawe wa Blaenau,
miaka thelathini na mmoja machimboni,
na vumbi la mawe hayo limo kifuani mwake bado,
halina pa kwenda.

"Hiyo injini inapumua yenyewe," anasema.
"Kwani ina kosa gani?"

Haina kosa. Ni gari dogo la viti viwili, jekundu la nyanya,
linapanda mlima wa Gorddinan likihema kwa adabu
na lori la maziwa linalipita.
Nimechoka kupitwa na maziwa.

Turbo niliifungua kwenye gari bovu kule Wrexham,
pauni tisini, na muuzaji akacheka.
Konokono wa chuma. Nilimtia kidole sikioni,
feni ikazunguka bila kukwaruza.
Nikamweleza baba: moshi unaotoka unaizungusha feni hii,
hii inamzungusha mwenziwe upande wa pili,
na mwenziwe anaishindilia injini hewa mpya.
Alivuta pumzi, akaikosa, akaivuta tena.
"Yaani pumzi iliyokwisha ndiyo inayoleta nyingine."
Ndiyo, baba.
"Basi lina bahati."

Wiki tatu, na mvua haikukatika hata siku moja.
Nilishusha sampu, nikaitoboa tundu la kurudishia oili,
nikaibeba kwapani mpaka kwa Gethin akailehemu,
maana hapa, ulipo mpira ule, hatuwashi hata kiberiti.
Boliti za ekzosi zilikuwa zimefunga ndoa na kutu.
Moja ilikatika. Nilitukana kwa Kiingereza, kisha kwa Kiwelisi,
na baba, kutoka kitini,
akanisahihisha Kiwelisi.

Yeye ndiye aliyekuwa sikio la spana.
"Bado. Bado kidogo. Haya, acha.
Usikaze kwa hasira. Jiwe ukilipiga kwa hasira
linakupa changarawe."

Usiku niliipimia injini mafuta kwenye kompyuta.
Hii imebanwa tangu kiwandani, mgandamizo wake uko juu;
ukiipa hewa kwa pupa, pistoni zinatoboka.
Pauni sita, nikaandika. Isizidi.
Ng'ambo ya ukuta, mashine ya baba: lita mbili kwa dakika.
Daktari aliandika kwa kalamu nyekundu: isizidi.
Nilikaa katikati ya namba hizo mbili
nikasahau nilikuwa natafuta nini.

Jumapili likawaka.
Likatema moshi wa bluu, likakohoa. Baba naye akakohoa.
Nikawangoja wote wawili wamalize.

Mtungi mdogo kati ya magoti yake, mkanda juu ya mtungi,
tukapanda. Gia ya pili. Ya tatu.
Penye kona ya kondoo mshale wa geji ukanyanyuka,
mbili, nne, ukaja mluzi mwembamba
kama birika linalofikiria kuchemka,
kisha kiti kikanidaka mgongo,
na lori la maziwa likabaki kiooni
likipungua, likipungua,
mpaka likawa kopo.

Nilimtupia jicho. Mdomo wazi,
upepo wa dirishani unamwingia bila kubisha hodi.
Nilidhani atasema neno.

Kileleni nikaegesha. Vifusi vya mawe viling'aa kwa mvua,
kijivu juu ya kijivu, kazi ya mikono yake na ya babake.
Hakuvitazama. Aliinamisha kichwa kuelekea boneti,
akasikiliza muda mrefu,
akarekebisha mpira puani.

"Gasketi yako ya chini," alisema, "inavuja."

Kweli. Inavuja.