Lita Sitini

Oldřich alileta tangi la kioo Jumanne,
kalikumbatia kama mtoto aliyelala,
ghorofa tano kwa ngazi, maana lifti ilikwama
na yeye hakuwa na kazi ya kuchelewa.
Mgodi ulifungwa Januari.
Miaka thelathini na mmoja chini ya Ostrava,
wakamuaga kwa saa ya mkononi
na supu.

Nikamuuliza, tunafuga nini humo?
Akasema, lita sitini.

Aliosha changarawe bafuni mara nane, tisa,
mpaka maji yakaacha kuwa maziwa.
Kuosha mawe anajua.
Akalipandisha tangi juu ya kabati la mama yangu,
akapima usawa kwa pimamaji,
akachomeka kadi ya posta chini ya mguu mfupi,
akawasha pampu, akawasha taa,
akavuta kiti.

Siku ya tatu akanunua samaki kumi,
wale wadogo wenye uzi wa buluu ubavuni.
Muuzaji hakuuliza kitu. Mnunuzi naye kimya.
Ijumaa walibaki saba, wanahema juu juu.
Jumapili, wawili.
Jumatatu nilimkuta jikoni kashika kijiko cha chai,
hajui amzike wapi mtu wa sentimita tatu.

"Lakini maji yalikuwa safi," alisema. "Tazama."

Ndipo akapanda Hedvika wa ghorofa ya pili,
mfugaji tangu enzi za tangi za fremu ya chuma,
na kisanduku cha vichupa.
Akadondosha matone kwenye maji yetu,
akatikisa, akasubiri.
Yakageuka kijani cha bwawa la vyura.
"Amonia," alisema. "Haionekani mpaka uiulize."

Nikaona uso wa mume wangu ukifunguka.
Hili alilijua. Alilala nalo, aliamka nalo:
hewa isiyo na rangi inayojaza njia polepole,
na kifaa kiunoni kinacholia
kabla ya mtu kulia.

Hedvika akamletea sifongo chakavu ndani ya kopo,
kimetoka kwenye chujio lake, kinanuka udongo.
"Usikioshe bombani, klorini itawaua.
Huu si uchafu. Hawa ni wakazi."

Wiki sita.
Wiki sita tangi tupu linawaka sebuleni,
na mwanamume mzima anatupia chembe za chakula
asizozila yeyote, ili zioze,
ili wasioonekana wapate kula.
Dada yangu alipopiga simu nilimwambia:
nimeolewa na mtu anayelisha maji.
Namba za kila siku aliziandika
kwenye daftari lililobaki la ripoti za zamu,
safu ya gesi, safu ya tarehe, sahihi.

Kisha asubuhi moja kichupa kikawa njano,
njano ya chai ya limau,
akanionyesha dirishani kama picha ya mjukuu.

Safari hii alinunua sita.
Mfuko aliuelea juu ya maji nusu saa
wazoee joto, akiwa amekaa na koti lake.

Sasa kila Jumamosi ni ndoo.
Robo ya maji inatoka, robo inaingia,
mpira anauvuta kwa mdomo, kila mara anameza.
Maji machafu nayapeleka kwenye jerania zangu
na jerania zimekuwa na kiburi.
Vendulka akija anataka kuwamwagia kopo zima;
babu humshika mkono:
"Tumbo la samaki ni saizi ya jicho lake."
Mtoto hukodolea macho. Hufunga kopo.

Mimi samaki siwapendi, niseme ukweli.
Lakini natoka zamu ya mikate saa kumi alfajiri,
unga nyusini, yeye anakoroma,
na sivui viatu kwanza.
Nachutama mbele ya kioo, nahesabu.
Watano.
Nangoja, kama nilivyongoja miaka ile
mlango wa chini ugongwe.
Kitu kinatikisika nyuma ya hita.

Sita. Haya, nikalale.