Orodha ya Vitu Visivyohamishika

Nyumba iko Muthaiga, nyuma ya ua wa michongoma.
Nimetumwa na kampuni ya mnada
na futi ya chuma, kalamu mbili, fomu yenye safu nne:
kitu, idadi, hali, bei.
Mnada Ijumaa. Tingatinga Jumatatu.

Anza na nje, fomu inasema.
Kuta: mawe ya kuchongwa, kijivu, ya Ndarugu,
kila jiwe na alama za patasi kama mvua iliyoganda.
Paa: vigae vyekundu vilivyokuja kwa meli, kisha reli;
kimoja kati ya kumi kina ufa, kumi kati ya kumi vina kuvu.
Madirisha marefu, membamba, nguzo ya jiwe katikati,
madirisha ya nchi ambako jua ni la kuombwa,
yamewekwa hapa linapojiingilia bila hodi.
Mwenyewe alitoka Welisi, nasikia.
Aliibeba nyumba ya kwao kichwani
akawaambia mafundi wamtue.

Ndani ananipokea Bi Nzilani,
aliyeachiwa funguo kama mtu anavyoachiwa mtoto.
Miaka thelathini na mmoja. Haniulizi mimi nani.
Anatazama viatu vyangu.
Navivua.

Sakafu: muhuhu, vipande vya upana wa vidole viwili,
vimepangwa kama mifupa ya samaki.
Hali? nauliza.
"Hiyo naijua kwa magoti," anasema.
"Pale penye jua nta huliwa upesi. Hapa palipokuwa na piano
pamebaki pachanga, kama ngozi chini ya saa."

Ukumbi: mbao za mvule, kutoka chini hadi begani.
Juu ya meko umechongwa msemo
tusioweza kuusoma, si mimi si yeye:
herufi zimebanana mlangoni, irabu zimebaki nje.
Na chini yake, mnyama.
Mwenye nyumba aliagiza joka la kwao, lenye mabawa.
Fundi hakuwahi kuona joka. Kenge alimjua.
Basi ndiye huyo, tumbo chini, ulimi nje,
mabawa mawili madogo kayabeba kwa adabu
kama mgeni aliyeazimwa koti.
Nikaandika: kenge, mmoja. Hali nzuri sana.

Ngazi ni mbili. Fomu ina nafasi ya moja.
Ile kubwa hupinda polepole, kishikio chake kinene,
mtu anaweza kuishuka akizungumza.
Nyingine imefichwa nyuma ya kabati la vyombo,
ya saruji, vidato vyembamba vya kusimama wima,
ya kupandwa na trei mikononi, mabega yamekunjwa.
Huko muhuhu unakoma. Kuna mstari:
huku mbao, huku saruji ya rangi nyekundu,
na mstari wenyewe umechimbika
kwa visigino vilivyosita kila siku kabla ya kuingia.
Nilipima. Milimita sita.
Sikupata safu ya kuziandika.

Vyumba vya juu vina majina kwenye ramani:
Maktaba, Chumba cha Asubuhi, Wageni Mashariki.
Bi Nzilani ana yake: Kwa Vumbi, Kwa Popo,
Kwa Mama Analia.
Dari ya Kwa Mama Analia ina waridi za plasta, kumi na mbili.
Moja ilianguka mwaka wa mvua nyingi,
akaibandika mwenyewe kwa uji wa unga.
"Nionyeshe ni ipi," ananiambia.
Shingo ikaniuma. Nikaandika kumi na mbili.

Mwisho jikoni, ubao wa kengele:
saba, za shaba, kila moja na chumba chake
kwa rangi nyeupe iliyobanduka.
Nyaya zimeingia ukutani zikapotea.
Niliketi kwenye kigoda, nikaandika:
kengele, saba, hazifanyi kazi, bei ya chuma chakavu.
Bi Nzilani alikuwa amepanda kufunga madirisha.

Ya tano ikalia.

Ndogo, kavu, kama kijiko kwenye sahani.
Na mimi, wa kampuni, mwenye diploma,
niliyezaliwa Umoja, ghorofa ya nne,
nisiyewahi kuitwa kwa kengele ila ya shule,
nikajikuta nimesimama,
kalamu chini,
mkono unanyoosha shati.

Kicheko chake kikashuka kwa ile ngazi ya saruji
kabla yake.