Viatu vya Edfu

Nilivinunua Kairo, sokoni Ataba,
kwa muuzaji aliyeapa mara tatu kuwa ni ngozi.
Nikavivaa melini, siku nne juu ya Nili,
glasi ya rosela mkononi,
zawadi yetu ya kumaliza masomo:
wasichana sita wa Kizanzibari, vyumba viwili,
tukichekeshwa hata na maji ya moto bombani.

Edfu tulishuka alfajiri.
Farasi wembamba wakatukokota hadi langoni
na ukuta ukainuka mbele yetu
kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa.
Kipanga wa jiwe. Foleni ya kupiga naye picha.
Ndani, miungu iliyochongwa ukutani,
kisha nyuso zao zikachimbwa
kwa tindo, kwa subira, uso baada ya uso.
Na dari nyeusi tititi.
Masizi, alisema mtembezaji wetu,
ya watu waliohamia humo baadaye,
wakapika, wakalala, wakazaa;
mungu kaondoka, nyumba ipo.
Niliipenda ile dari kuliko kipanga.
Sikumwambia mtu.

Leo ni Wesha, saa mbili asubuhi,
boti ya faiba ya Pandu, mashine inakohoa,
na shangazi yangu Bi Time binti Faki
kakaa juu ya dumu la mafuta
kama yuko barazani kwake Mgogoni.
Umeshaona magofu ya watu, kasema,
twende ukaone ya kwenu.
Yeye mara ya mwisho alikwenda kuondoa nadhiri,
mimba ya mwanawe wa kwanza ikiwa miezi saba.
Mikoko kushoto. Misali kule mbali, ufito wa kijani.
Njia nzima anasimulia jirani
aliyeanika karafuu barabarani
gari la harusi likazipitia,
na bibi harusi, anasema, alinukia mpaka Konde.

Mkumbuu haina foleni.
Ina mbuzi wanne, na muhogo wa mtu
uliopandwa hadi ubavuni mwa msikiti.
Paa hakuna. Kibla kipo.
Nguzo za makaburi zina matundu ya duara:
humo yalipachikwa mabakuli ya Kichina,
akaja mtu na kisu, bakuli baada ya bakuli.
Nikaikumbuka ile tindo.
Nikainua simu.

"Wendapi na viatu?"

Alikuwa kasimama pale ulipokuwa mlango
(hapana mlango, hapana hata kizingiti),
ndara zake kazipanga pembeni, sambamba,
visigino ukutani.
Akawasalimu wenyewe waliolala,
polepole, kwa Kiarabu cha chuoni,
kisha akanyamaza kidogo
kama mtu aliyebisha hodi
na anajua mwenyeji yuko uani.

Shangazi, hapa hapasaliwi tena.
"Nani kakwambia?"

Nikavivua.
Ile ngozi ya kuapiwa imeshaanza kubanduka,
ndani ni karatasi.
Nikaingia pekupeku: mbigili, samadi ya mbuzi,
halafu jiwe, baridi, lenye vinyweleo vya bahari,
na mguu ukaniambia jambo
ambalo sikuwa nimelifikiri:
kuwa lile jiwe la Edfu
sikuligusa hata kwa kidole.

Hatukukaa sana. Maji yalikuwa yanatoka,
Pandu anapiga miluzi.

"Na wale wa Misri," akaniuliza botini,
"uliwapigia hodi?"
Nikasema kulikuwa na tiketi.
"Tiketi!"
Alicheka mpaka Pandu akageuka.
Kisha akakitwaa kiatu changu kimoja,
akakikung'uta ukingoni mwa boti,
mara mbili, mara tatu, kwa nguvu,
kama mtu anayedai chake.
Ikadondoka changarawe moja.
Sikuwahi kuiona rangi.