Miguu Miwili ya Kulia

Kwanza tulipima. Mara tatu,
kwa utepe wa fundi cherehani wa mlango wa pili hapa Sido,
maana futi yetu ya chuma
kutu ilishaila pale penye namba saba.
Difu ya pikapu, pana kupita gari:
ukiifunga, matairi yanachungulia nje ya madigadi
kama viwiko vya mtu aliyevaa koti la mdogo wake.

Gari lenyewe Shevrolei, milango miwili,
boneti ndefu kama hotuba ya mgeni rasmi.
Baba alikuja nalo kutoka Kitwe, mwaka alioaga mgodi,
akaliegesha chini ya mabati, Ilomba,
na kwa miaka thelathini na moja
kuku wakatagia kiti cha nyuma.
Ekseli yake ya kuzaliwa nayo ilikuwa imeoza.
Anyelwisye aliigonga nyundo,
ikaitika kama kibuyu.

"Kata," nikasema.
"Nikate wapi?"
"Pande zote. Sawa kwa sawa."
Akacheka, akapangusa grisi
kwenye suruali iliyokwisha kuwa grisi.
"Ukikata kote, dada, shafti zote mbili utazichonga meno upya,
na meno ya kuchongwa mtaani
hutafuna siku mbili, ya tatu yakatema.
Tazama. Difu haikukaa katikati.
Mkono wa kushoto mrefu, wa kulia mfupi.
Tukate huu mrefu tu, ulingane na mwenzake.
Wewe nitafutie shafti nyingine ya kulia."

Ndivyo nilivyofika Makambako mwezi wa saba,
upepo ule unaokupokonya neno kabla hujalimaliza.
Nyuma ya nyumba ya Mama Mligo
pikapu, pacha wa ile yetu,
imelala ubavu tangu ilipovutwa kutoka Kitonga,
maboga yametambaa mpaka kwenye usukani.
Hakutaja bei. Aliuliza:
"Hilo gari litatembea?"
Litatembea, nikasema, bila kujua.
"Basi likitembea pita hapa. Nisikie."
Akaingia ndani, akafunga mlango.
Nilifungua nati nne peke yangu.
Shafti ikatoka nyofu, inang'aa,
ikinuka mafuta ya safari ambayo haikufika.

Sido tena. Grenda ikapiga kelele,
inchi tatu na robo zikaanguka sakafuni,
pete ya moto, ikabiringika
kana kwamba bado ina mahali pa kwenda.
Mkereza akatuazima fimbo nene ya kupitisha katikati
bomba lisije likapoteza mstari.
Anyelwisye akachomelea tone hapa,
tone ng'ambo yake,
akaketi. Akanywa chai. Tone jingine.
Chuma, alisema, huinamia upande uliochomwa,
usipouchoma na wa pili unabaki na kinyongo.
Nikauliza kama tukipooze kwa maji.
Akanitazama kana kwamba nimecheka msibani.

Mwezi wa kumi, alfajiri, Loleza bado umejifunika,
nikaondoka.
Inyala. Chimala. Igawa.
Nilikuwa nimezima redio ambayo hata hivyo haikufanya kazi,
nasikiliza nyuma, nasikiliza nyuma,
shingo ikaniuma kwa kusikiliza.
Miguu miwili ya kulia
na halikuchechemea.

Mama Mligo akatoka, kitenge mabegani.
Hakutazama boneti, hakutazama rangi.
Alikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma la kushoto,
akaweka kiganja, kama unavyompima mtoto homa.
"Lizungushe."
Nikazunguka uani, mara moja, mara mbili,
yeye amefumba macho, upepo unampiga usoni.
"Hapana," akasema. "Ile yetu ilikuwa inalia."

Sikupata la kujibu.
Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na boga,
akaliweka pale walipokuwa wakitaga kuku.
Njia nzima ya kurudi
lilikuwa likibiringika kila kona,
likigonga mlango mmoja,
kisha wa pili.