Mizani ya Zabibu

Kadi yangu ya kliniki ina shimo.
Niliikuta juzi kwenye sanduku la mama,
chini ya risiti za chama cha ushirika,
imekunjwa mara nne, inanuka dawa ya mende.
Mstari unapanda tangu Aprili,
kijani, kijani,
halafu Agosti unadumbukia
kama ndama korongoni.
Septemba umesharudi juu, hauna hata vumbi.

Nilipomwonyesha, mama alicheka akashika kiuno.

Zahanati yetu iko njia ya Iringa:
vyumba vitatu, na bati moja linalogonga upepo ukija,
na upepo wa Dodoma hauji kwa miadi.
Tabibu Chilongani alitibu vikope, kuhara, ng'e,
na waume walioumwa mgongo kila mvua ya kwanza ikinyesha.
Hakuwa na haraka. Alijua
nani anakohoa vumbi, nani anakohoa deni.
Nesi Perisi alikuwa na haraka kwa niaba yake.

Mwaka ule springi ya mizani ilikatika.
Wilayani wakasema, andikeni barua.
Barua ikaandikwa.
Ikaandikwa nyingine kuulizia ile ya kwanza.
Jumanne ya kliniki ikafika, akina mama hamsini barazani,
mbukwenyi, mbukwenyi, watoto migongoni,
na Perisi akavuka barabara
kwenda kuazima mizani ya Bwana Mahinyila,
mnunuzi wa zabibu.
Aliitoa kwa moyo mmoja.
Alikuwa mtu wa kutoa: bati za kanisa,
kitanda cha kujifungulia, vyote mkono wake.
Sidhani hata alikumbuka.

Tukatundikwa ndoanoni mmoja mmoja,
kaptula za turubai zikinata utamu wa watu wengine,
nyuki wawili watatu wakituzunguka.
Mimi: kilo saba. Mwezi uliopita, nane.
Aliyefuata, kapungua. Aliyefuata, kapungua.
Mpaka yule pande la mtoto wa kwa Chedego,
aliyekuwa akinyonya huku akidai ugali,
naye akaangukia kijivu.

Tabibu alivua miwani.
Akawaza surua, minyoo, maji ya lambo,
njaa iliyoingia usiku bila kubisha hodi.
Alikwisha andika DHARURA kwa herufi kubwa
Perisi alipotoka stoo na mfuko wa sukari,
wa chai ya wafanyakazi, kilo mbili, haujafunguliwa,
akautundika mbele ya kila mtu.

Kilo moja na robo tatu.

Bati likagonga. Likagonga tena.

Wanasema hakuna aliyepiga kelele.
Wengi wao hawakujua kusoma,
lakini msimu ule kila mmoja alikuwa amebeba kreti
kichwani, alfajiri, toka shamba hadi kwa Mahinyila,
na shingo zao zilikuwa zimenung'unika wiki nzima
bila mtu wa kuzisikiliza.
Shingo haina springi.
Walitufunga tena migongoni, wakavuka barabara.
Ndahani, mwenye mizabibu mia mbili na mume mgonjwa,
alimkalisha mwanawe juu ya meza ya mnunuzi,
katikati ya vitabu vya hesabu, akasema:
"Huyu nimembeba mwenyewe miezi tisa.
Kilo yake moja umeipeleka wapi?"

Polisi hawakuitwa. Nusu alilipa, nusu aliapa.
Zikanunuliwa mizani mbili, ya watoto na ya zabibu,
na kila Jumanne, kabla ya mtoto yeyote,
Perisi alitundika kwanza ule mfuko wa sukari.
Haukuliwa kamwe. Uliganda ukawa jiwe.
Chai ya wafanyakazi ikanywewa kavu.

Kadi nazo, Tabibu alikataa kuzifuta.
Alikaa nazo usiku na taa ya chemli, zote hamsini,
na pembeni ya kila shimo, kwa mwandiko unaochechemea,
aliandika maneno ambayo bado yanasomeka:
*Mtoto mzima. Mizani ndiyo mgonjwa.*

Mama aliichukua kadi mkononi mwangu,
akaikunja mara nne,
akauliza kama nimekula.